Sufuria ya Matanga

Fransis hakuwa na baiskeli. Hakuwa na saa ya mkononi, wala koti, wala viatu vya kuendea kanisani isipokuwa katambuga za tairi la lori. Hakuwa na kaka wala binamu mjini. Watu wake wote walikuwa kusini, Newala. Hakuwa na nyumba, alipanga vyumba viwili vya uani kwa Mzee Kondo, Mzaramo wa Temeke. Hakuwa na mbuzi, hakuwa na shamba, na mwaka ule stempu zilipoanza kutoka na kichwa cha Malkia badala ya Mfalme, hakuwa na hata jembe. Fundi wa kuchonga vinu na miguu ya vitanda jembe la nini? Alikuwa na shoka, tezo na patasi, na vilimtosha.

Alichokuwa nacho ni mke, Sesilia. Binti mmoja mdogo, Avelina, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutwanga kwenye kinu alichochongewa na baba yake. Na uanachama wa chama cha kuzikana.

Msomaji wa leo huenda asijue uzito wa jambo hilo la mwisho. Siku zile mtu aliyetoka mbali akafia mjini bila ndugu, alipakiwa kwenye gari la manispaa na kufukiwa na watu waliolipwa kufukia. Hapakuwa na wimbo, wala mtu wa kusema marehemu alikuwa nani. Kwa kuogopa aibu hiyo Wakristo wa Temeke waliotoka Bukoba, Songea, Masasi na Newala walichanga, wakanunua ubao wa kubebea maiti, majembe, makoleo, turubai, na sufuria moja kubwa iliyoweza kulisha mtaa mzima. Sufuria hiyo ilikuwa na sheria yake: ni ya matanga tu. Si ya harusi, si ya ubatizo, si ya Krismasi. Chombo kilichozoea machozi hakipelekwi penye vigelegele.

Vyombo hivyo viliwekwa kwenye banda la Fransis, kwa kuwa lilikuwa na mlango na kufuli. Mtu asiye na saa wala koti akawa mtunza vyombo vya wafu wa watu wote. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyothubutu kusema.

Siku moja Fransis alikuwa amekwenda Pugu kutafuta magogo. Mchana akaja katibu wa chama, Bwana Gaspar, karani wa ghala moja la bandarini, kijana wa kaptura nyeupe na soksi za mpaka magotini. Akamwambia Sesilia, "Mama Avelina, nitolee ile sufuria. Ina tundu, inakwenda kuzibwa." Sesilia akamfungulia banda. Alimsaidia hata kuinyanyua na kuipakia kwenye mkokoteni, yeye ameshika sikio moja, katibu ameshika la pili.

Sufuria haikuwa na tundu. Gaspar alikuwa ameikodisha kwa watu wa harusi kule Kigamboni, ng'ambo ya kivuko. Watu wale wakaipenda, wakaomba wakae nayo kwa harusi nyingine, kisha nyingine, na Gaspar akawa anapokea kodi yake kimyakimya. Alidhani hakuna Mkristo wa Temeke atakayekufa upesi. Kisha mama wa mwanachama mmoja akafariki, watu wakaenda bandani kuchukua sufuria, wakakuta mahali pake pana duara la vumbi.

*

Kesi ilikaa barazani kwa shule ya kanisa, Jumapili baada ya misa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka. Mwenyekiti, Mzee Ansbert wa Bukoba, aliyekuwa amestaafu ukarani na hakusahau kamwe kwamba alikuwa karani, akauliza:

"Sufuria iko wapi, Fransis?"

"Aliichukua katibu, Mzee. Mke wangu ndiye aliyempa."

Gaspar hakukasirika. Angekasirika, huenda watu wangemtilia shaka. Alicheka.

"Mie? Mie nibebe sufuria ya masizi, na kaptura hii?" Akajipangusa paja. Mabenchi yakacheka pamoja naye. "Wazee wangu, kila mtu ana shida zake. Kama ameiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na aseme, tumwonee huruma. Lakini asimtume mkewe anisingizie."

Sesilia akasimama katikati ya wanawake. "Ulikuja mchana, Bwana Katibu. Ulisema inakwenda kuzibwa. Nilishika sikio moja, ukashika la pili. Unaniangalia usoni unakana?"

"Mke atasema nini zaidi ya alichofundishwa na mumewe?" alijibu Gaspar, bila kumtazama.

Hapo macho yote yakamgeukia Fransis. Alimjua mkewe. Katika miaka yao yote hakuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfukuza mdai. Lakini mbele yake kulikuwa na soksi nyeupe, na mwenyekiti mwenye miwani, na wazee waliokwisha kucheka. Akatafuta njia ya katikati.

"Labda," alisema, "labda mama Avelina amechanganya siku. Labda alikuwa mtu mwingine akamfananisha."

Alitaka amani. Alichopata ni kufukuzwa. Anayekata ukweli nusu akidhani atabakiwa na nusu, hubaki mikono mitupu. Siku ile ile ubao, majembe, makoleo na turubai vilihamishiwa kwa Mzee Ansbert, na jina la Fransis likafutwa. Sesilia alitangulia kurudi nyumbani. Tangu hapo alizungumza na mumewe habari za chumvi na maji tu.

*

Masika yalipokolea Avelina akashikwa na homa. Walimpeleka zahanati, wakapewa dawa chungu, homa ikashuka, ikapanda tena. Alfajiri moja mtoto akakata roho mikononi mwa mama yake.

Fransis hakulia. Alichukua mbao za kitanda alichokuwa ameagizwa na mteja, akazipima, akapiga sanduku. Lilikuwa fupi mno, na mbao nyingi zikabaki. Ndipo alipokumbuka kwamba hana jembe. Akaenda kwa Mzee Ansbert, akamkuta barazani anakunywa chai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Nimesikia."

"Naomba jembe na koleo. Nitavirudisha kabla ya magharibi."

Mzee Ansbert akaangalia ndani ya kikombe. "Fransis, jembe si langu. Lingekuwa langu ungelikuta mlangoni kwako. Ni la wanachama."

"Ni mtoto, Mzee."

"Naelewa ni mtoto. Lakini nikikupa wewe leo, kesho nitamnyima nani? Sheria ni sheria."

Jembe lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta, nyuma ya kiti chake. Mpini ule Fransis aliuchonga mwenyewe, kwa mti wa mkwaju, akaukwangua kwa chupa mpaka ukawa laini ili usiwachubue mikono wanaozika. Aliutazama. Kisha akaaga, akainamisha kichwa kama inavyopasa, akaondoka.

Mzee Kondo alipopata habari alitema mate. "Wakristo gani nyie, mnanyimana hata udongo!" Akaingia ndani akatoka na jembe lake la shambani, mpini umefungwa kamba. "Twende, mtani. Hili limezoea muhogo, lakini halijui dini ya mtu."

Basi mtoto wa Fransis akazikwa na watu watatu: baba yake mwenye sanduku begani, Mwislamu mwenye jembe la muhogo, na katekista mwenye kitabu cha sala. Walipita katika njia ile ile iliyopitwa na mazishi ya wengine, mbele ya milango ya wanachama. Watu walikuwa milangoni. Mwanamke mmoja akajifuta macho kwa upande wa khanga. Mumewe akamvuta ndani. Gaspar alikuwa amekaa kwenye kigoda anapiga viatu vyake rangi. Alipoona sanduku alivua kofia. Ndiyo, alivua kofia! Kisha akaivaa, akaendelea na viatu. Nimeishi miaka mingi na nimewaona wezi wa kila namna, wa kuku, wa viwanja, wa kura, lakini sijaona wizi uliozidi heshima ile ya kofia.

Hapakuwa na turubai wala wali wa matanga. Hamisa, mke wa Mzee Kondo, alipika uji kwenye sufuria yake ya nyumbani, akamnywesha Sesilia kwa kijiko.

Jioni Fransis akachukua karatasi. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, kwa darasa la jioni la kanisa, na barua moja ilimchukua muda wa kuchonga kinu. Kwao mtoto ni wa ujombani. Mjomba asipopewa habari ni kama mtoto hakuzaliwa. Mjomba wa Avelina aliitwa Fakihi, kaka mkubwa wa Sesilia, na mambo ya kwanza atakayouliza ni nani alichimba kaburi na nani alikaa matanga. Akidanganywa, msafiri wa kwanza kutoka mjini atamweleza kweli. Akiambiwa kweli, atapanda meli Lindi kuja kumchukua dada yake, na hakuna mzee wa kwao atakayesema amekosea. Mwanamke haachwi mahali ambapo mtoto wake amefukiwa kama kifaranga.

Fransis akaandika: *Shemeji Fakihi, salamu sana.* Kalamu ikagoma hapo. Karatasi ile akaichomeka kwenye paa la makuti, ikakaa huko wiki kwa wiki.

*

Hamisa ndiye aliyeiona sufuria. Alialikwa harusi ya binti wa shangazi yake Kigamboni, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure akazunguka nyuma kwa wapishi. Pale juu ya mafiga, pilau ikitokota, aliona sikio la sufuria lililokazwa kwa bolti ya kitanda. Bolti ile aliijua. Fransis aliifunga uani kwake, mbele ya macho yake, sikio la zamani lilipong'oka.

"Sufuria hii ya nani, shoga?" alimwuliza mpishi.

"Ya karani mmoja wa Temeke, mvaa masoksi. Tunakodi."

"Na mwenyewe amewaambia inapikiwa nini?"

"Inapikiwa nini?"

"Matanga."

Mwiko ukaanguka. Bibi harusi bado alikuwa hajatoka ndani, lakini bibi yake akaanza kupiga mayowe kwamba mtoto anaozwa kwa wali wa maiti. Pilau ile hakuila mtu. Wazee wa harusi wakaikalia sufuria, wakaapa: haitoki Kigamboni mpaka karani aje mwenyewe, kwa miguu yake, aichukue mbele yao.

Hamisa alivuka kwa kivuko kabla hata nikahi haijasomwa. Kufikia asubuhi Temeke nzima ilijua.

*

Siku ya pili yake, Fransis akiwa bandani na mkewe akiwa jikoni uani, Gaspar akatokea. Hakupita mlango wa mbele. Alipita nyuma, njia ya chooni, akasimama pembeni kama mtu aliyepotea.

"Hodi."

"Karibu."

Akaweka bahasha juu ya kinu kilichokuwa hakijaisha. "Kitu kidogo cha kumsaidia mama."

"Cha nini?"

"Rambirambi. Ya msiba."

"Msiba ulipita, Bwana Gaspar. Ulipita mlangoni kwako. Ulivua kofia."

Gaspar akaisogeza bahasha mbele. "Fransis, mie na wewe ni watu wazima. Mambo hutokea. Kulitokea kutoelewana tu pale kati."

"Kutoelewana na nani?" sauti ya Sesilia ilitoka jikoni. "Mie nilikuelewa vizuri. Ulisema inakwenda kuzibwa."

"Shemeji, nimekuja kwa heri."

"Umekuja kwa njia ya choo."

Gaspar akageuka kwa Fransis, kama mwanamume anayemtafuta mwanamume mwenziwe. "Basi sema unachotaka. Kama hiki hakitoshi, kitaongezwa."

Fransis aliinua bahasha kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoinua panya aliyekufa, akairudisha kwenye mfuko wa shati la karani, pembeni ya kalamu yake ya wino.

"Ulinivua nguo barazani, mchana, watu wakaona. Huwezi kunivika huku uani. Nenda. Na upite mbele, njia ni pana."

*

Mtu angedhani chama kizima kingekuja mbio kuomba radhi. Kilichokuja ni Mzee Ansbert na katekista, na hawakuja kwa huruma. Walikuja kwa sababu wanawake wa chama walikuwa wamegoma. Walisema hawatapika matanga ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti, mpaka neno la Sesilia lisafishwe. Na katika kila nyumba palikuwa na mgonjwa.

"Tumekaa tukaona," alianza Mzee Ansbert alipokwisha kuketi, "jina lako lirudishwe, na michango ya miezi uliyokuwa nje usilipe. Gaspar ni kijana, ameteleza. Yaishe."

"Yaishe?" alisema Fransis. "Hayajaanza, Mzee."

Katekista akakohoa. "Bwana wetu alisema tusamehe saba mara sabini."

"Nasikia. Lakini nisamehe nini, Katekista? Nitajieni jina lake. Nani amekosa, na amekosa nini? Yeye ananiambia kulitokea. Mzee anasema ameteleza. Mvua ndiyo hutokea. Mguu ndio huteleza. Mtoto wangu hakuzikwa na watu watatu kwa sababu ya utelezi!"

Katekista alikuwa mtu mwema, na ndiye pekee kati yao aliyekuwa amefika kaburini.

"Basi unataka nini?" aliuliza Mzee Ansbert.

"Aifuate sufuria mwenyewe. Aibebe kichwani kutoka kivukoni mpaka barazani kwa shule, mchana. Aseme pale pale aliposema. Na nyie mje mkae matanga mliyoninyima."

"Karani abebe sufuria ya masizi kichwani? Mjini? Lakini Fransis, watoto watamcheka!"

Sesilia aliweka chini ungo wake wa mchele. "Mie nilichekwa, Mzee. Ulikuwepo. Hata wewe ulicheka. Sikufa."

Mzee Ansbert akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipoinuka kwenda zake Fransis akamwambia, kwa sauti ya chini na kwa adabu yote, "Na Mzee aje na lile jembe. Kaburi limeota majani."

*

Jumamosi mchana watu walikaa barazani kwa shule wakingoja. Mzee Kondo naye alikuja, akakaa mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi. "Mie si mwanachama," alimwambia kila aliyemtazama, "lakini jembe langu ni mwanachama."

Gaspar akatokea njia ya Keko. Sufuria ilikuwa kwenye mkokoteni, hamali anasukuma, na yeye anatembea pembeni, mikono nyuma, kama bwana shamba anayekagua pamba.

Sesilia akasimama katikati ya njia. "Mkokoteni haukunisingizia," alisema. "Mlipe mwenzio aende zake."

"Mama Avelina, tumeshafika! Imebaki hatua chache."

"Hatua chache kutoka wapi?"

Mzee Kondo akaongeza kutoka kwenye benchi, "Rudi kivukoni, bwana mdogo, uanze upya. Wali hauna haraka, na sie tuna mikeka."

Gaspar alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama jembe lililokuwa kati ya magoti yake. Gaspar akawatazama wanaume kwenye mabenchi, wale wale waliocheka naye, na kila mmoja alikuta jambo la kuangalia kwenye kucha zake. Akageuka. Mkokoteni ukageuka. Wanaume wawili walitumwa wakafuatane naye, wahakikishe.

Jua lilikuwa limeelekea machweo aliporudi. Amepita Magogoni, Gerezani na Keko na sufuria kichwani, wahuni wa Gerezani wakimwuliza kama anakwenda kupika au kupikwa. Masizi yalikuwa yamechanganyika na jasho yakamchora mashavu na shati. Soksi moja ilikuwa imeshuka. Aliitua sufuria katikati ya baraza, ikalia kama kengele iliyopasuka.

"Ndugu zangu," alisema, akihema. "Kulitokea makosa."

"Makosa ya nani?" wanawake wakauliza, si mmoja.

Akajaribu tena. "Palikuwa na uzembe."

"Wa nani?"

Akajipangusa paja, masizi yakazidi kuenea. Kisha sauti ikatoka, ndogo, isiyo na ukarani ndani yake. "Wangu. Niliichukua mie. Nikaikodisha, nikala fedha. Mlipouliza nikasema uongo. Mama Avelina alisema kweli, nikamwita mwongo mbele yenu. Kwa uongo huo mtoto wake akakosa wa kumzika." Akapiga magoti mbele ya Sesilia. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Inuka," alisema Sesilia. "Kuni ziko kule."

Na Gaspar akapika. Wali uliungua chini, ukawa maji juu, na watu wakaula wote. Asubuhi yake Mzee Ansbert alikwenda makaburini na jembe. Alilima kidogo, akashika kiuno, akalima tena. Fransis aliusimika msalaba wa mpingo alioukalia siku nyingi akiuchonga. Watu wakaimba.

Sitamdanganya msomaji kwamba dunia ilinyooka. Wanachama kadhaa hawakuja, wakasema mambo yametiwa chumvi. Gaspar hakupoteza kazi yake, na siku hizi ukimkuta mahali atakueleza kwamba aliwahi kubeba sufuria kwa unyenyekevu. Watu wa namna yake huweza kupata faida hata kwenye toba. Lakini neno lilisemwa, pale pale, mbele ya watu, na hakuna aliyeweza kulirudisha kinywani.

*

Jumapili jioni, baada ya turubai kushushwa, Fransis alichomoa karatasi kwenye makuti. Ilikuwa imeingia moshi. Akaandika mpaka taa ikaomba mafuta, kisha akamsomea mkewe, aliyekuwa hajui kusoma.

Aliandika kwamba Avelina amefariki. Kwamba alizikwa na watu watatu, na majina yao. Kwamba palikuwa na uongo, na msema uongo ni nani, na jinsi alivyousema na jinsi alivyouondoa. Kwamba matanga yamekaliwa, kwa kuchelewa.

"Nimemaliza," alisema.

"Hujamaliza," alisema Sesilia.

Alikuwa amekaa karibu na kile kinu kidogo cha mtoto, mkono juu yake. "Gaspar kasema lake. Mzee Ansbert kalima lake. Nani kabaki?"

Fransis alijua. Alikuwa amejua tangu siku ile, njiani, akitembea nyuma ya mgongo wake.

"Nilitaka kuwatuliza wazee, mama Avelina. Sikuwa na nia mbaya. Ile ilitokea tu—"

Akasimama katikati ya neno. Alikuwa amesikia ni maneno ya nani yanayotoka kinywani mwake. Sesilia alingoja, kama wanawake walivyongoja barazani.

Barua zinazofika kule kwao hazisomwi chumbani. Mwalimu wa shule huzisoma barazani, wajomba wote wamekaa, watoto wamejaa madirishani, na yenye jambo zito hurudiwa mara ya pili kwa ajili ya waliochelewa. Fransis alilijua hilo vizuri alipoishika tena kalamu. Akaandika, akitamka kila neno ili mkewe alisikie:

*Shemeji, kuna la kwangu. Dada yako alisema kweli mbele ya watu, nami nilijua ni kweli. Niliogopa wakubwa, nikasema amechanganya siku. Mimi mumewe ndiye niliyemkata ulimi kabla yao. Kama ningesimama naye, huenda tungefukuzwa vilevile, lakini asingekuwa peke yake. Nimemkosea yeye, na nimewakosea ninyi mlionipa. Mkiona inafaa kuja kumchukua, sitafunga mlango. Isomwe mbele ya wote.*

"Soma tena hapo," alisema Sesilia.

Akasoma tena.

Hakusema amemsamehe, wala hakusema atakaa au atakwenda. Alikwenda jikoni akarudi na uji wa muhogo kidogo kwenye kifuu, mzito, wa kugandishia. Fransis akapaka ukingo wa bahasha, akaukunja, akaukandamiza kwa kidole gumba, mkewe naye akaweka chake juu ya kile cha mumewe mpaka ikashika.

Asubuhi walikwenda pamoja posta mjini, kwa miguu. Fransis alibandika stempu, akanyoosha mkono kuelekea sanduku jekundu.

"Nipe mie," alisema Sesilia.

Akaisukuma barua, na hakuridhika kuisikia tu ikianguka. Aliingiza vidole kwenye tundu mpaka vikafika mwisho, akapapasa huku na huku, akahakikisha hakuna kilichokwama. Kisha akajifunga khanga vizuri, akaanza kurudi nyumbani. Mara hii hakutangulia.